Githeri, Magadi na Figo katika Bonde la Ufa
Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, nyanda zilizolizunguka ziwa zilikuwa malisho ya Wamaasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu. Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwahamisha, walowezi wakapewa ardhi. Mashamba ya Njoro, Molo na Subukia yakajaa maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliolima mahindi, maharagwe na viazi katika vipande walivyogawiwa. Walikuwa na mbuzi na ng'ombe pia, hadi miaka ya 1920, mifugo yao ilipoondolewa kwa nguvu katika msako walioubatiza kifagio. Githeri ya kila siku, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, basi, haikuwa chaguo tupu.

Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu: wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Lawama ikaangukia nafaka. Suala la ardhi na mifugo halikupewa uzito uliostahili.

Kwa mgonjwa wa figo, hesabu ya githeri hiyo ni nyingine. Protini ya mimea huzalisha asidi kidogo kuliko ya nyama, na sehemu kubwa ya fosforasi ya maharagwe hupita tumboni bila kufyonzwa. Mwongozo wa National Kidney Foundation ya Marekani wa 2020 unapendekeza matunda na mboga zaidi.

Kazi iko jikoni, hasa kwa wanaokatazwa potasiamu. Desturi ya kuloweka maharagwe na kumwaga maji ya kwanza, iliyokusudiwa kupunguza gesi, hupunguza potasiamu pia. Viazi vilivyokatwa vidogo na kuchemshwa katika maji mengi ya kumwagwa hupoteza nyingi. Mukimo, yaani viazi vinavyopondwa pamoja na majani ya maboga, huibakiza, kwa hiyo aliyekatazwa potasiamu hana budi kuupima. Magadi ya kulainishia githeri ndiyo mabaya zaidi: ni chumvi ya sodiamu, na huja na floridi.

Floridi imo tayari katika visima vingi vya Nakuru, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, huzidi kukolea. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.