Kiboksi cha Kukanyaga, Elfu Sitini Zetu na Mwaka 1963

Mnisamehe kwa ukimya. Majaribio matatu ndani ya wiki moja, halafu juu yake mambo ya bendi. Leo Jumamosi, saa nne usiku, mwenzangu wa chumba kashalala, na mimi nina hadithi ya kisanduku ambacho ndani yake hakuna kitu. Nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, umeme nilikomea fizikia ya kidato cha nne. Kwa hiyo nitaieleza kihistoria, mafundi mnivumilie.

Kwa wageni: kikundi chetu cha muziki hapa chuo kina ampu moja tu ya maana, Fender Twin Reverb ya zamani, uso wa rangi ya fedha, spika mbili za inchi 12, uzito kama kilo 30. Kuipandisha ghorofa ya pili ni adhabu. Ilitoka Morogoro, kwenye baa iliyokuwa na bendi yake, akainunua kaka mmoja aliyemaliza hapa, akatuachia. Inapitia transfoma ya kushusha umeme kwa sababu yenyewe ni ya volti 120. Ilikuja bila karatasi, bila kifuniko, na (hili ndilo nililokuja kulijua baadaye) bila swichi yake ya mguu.

Tatizo letu lilikuwa hivi. Mwangwi ulikuwepo muda wote. Tremolo, ile sauti inayotetemeka kama mtu anayeimba huku anapigwa mgongoni taratibu, haikuwahi kusikika hata siku moja. Unazungusha vitufe viwili vyake, kimya. Tukampelekea fundi. Akasema valvu imekufa, kazi ni laki moja na ishirini, nusu mbele. Wanachama wawili walikataa. Mimi katibu nikasimama nikatetea, kwamba ampu ikipona tutaikodisha kwenye shughuli na hela itarudi. Elfu sitini ikatoka, sahihi yangu ipo kwenye daftari. Wiki mbili baadaye ampu ikarudi na valvu mpya, tremolo bado kimya, na fundi anadai nusu yake iliyobaki.

Ndipo nikaanza kusoma. Si kwa akili nyingi, kwa hofu ya lile daftari.

Kumbe kutetemesha sauti ya gitaa ni kazi ya zamani kuliko hizi ampu. Marekani, miaka ya 1940, kampuni ya DeArmond ilikuwa inauza kisanduku chenye mota ndogo iliyotikisa kichupa cha maji yanayopitisha umeme. Maji yakisukwasukwa, sauti inapanda na kushuka. Bo Diddley alitumia kitu hicho. Sasa kitu kama hicho ukitaka kukiwasha katikati ya wimbo unafanyaje? Mkono mmoja uko kwenye nyuzi, mwingine kwenye shingo ya gitaa. Mwanadamu kabakiwa na mguu tu.

Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa hakujua kupiga. Ajabu yake ni kwamba aliwasikiliza waliojua. Mwaka 1955 akatoa ampu ya Tremolux, tremolo imejengwa humo humo, na waya wenye swichi ya kuweka sakafuni. Mwaka 1963 ukaja mwangwi ndani ya ampu, kwanza Vibroverb, na Twin Reverb mwaka huo huo. Sasa mambo ya mguuni yakawa mawili, na kiboksi kikawa na swichi mbili. (Na majina aliyachanganya, mzee yule. Tremolo kwenye ampu zake kaiandika "Vibrato", na mkono wa vibrato kwenye gitaa lake la Stratocaster la 1954 kauita tremolo. Hadi leo watu wanabishana.)

Hapa ndipo penye kisa chetu, twendeni polepole. Swichi ya mguu ya ampu kama hii haina betri, haina valvu, haina akili yoyote. Inagusisha waya mbili au inaziachanisha, basi. Kazi yote iko ndani ya ampu. Lakini wale mabwana waliziunga pande mbili kinyume. Upande wa mwangwi, waya zikigusana mwangwi unanyamaza. Upande wa tremolo, waya zikigusana ndipo inaamka. Sasa ondoa kiboksi kabisa, yaani waya hazigusani popote. Unapata nini? Mwangwi usiozimika na tremolo isiyowaka. Ampu yetu nukta kwa nukta! Haikuwa inaumwa. Ilikuwa inasubiri mguu.

Sikulala. Asubuhi nikachukua waya wa deki ya zamani, ule wenye pini nyekundu, nikaukata, nikasokota uzi wa katikati na ule wa nje pamoja. Ampu ikiwa imezimwa nikachomeka nyuma palipoandikwa Vibrato (pana matundu mengine ya pini kama hiyo hapo hapo, ya springi za mwangwi, ukikurupuka unakosea). Tukawasha. Kaka anayepiga solo akagusa nyuzi, sauti ikaanza kutetemeka. Akaniangalia, nikamwangalia. Sikufurahi kama mnavyodhani. Niliiona elfu sitini.

Ampu yenyewe hatukuifungua, na wewe usiifungue. Ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kukushika hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kununua kiboksi kutoka nje tulipiga hesabu, nauli na ushuru vikatushinda. Tukaunda. Swichi mbili za kukanyaga, zile zinazobaki ulipoziacha hadi ukanyage tena, nilizipata Kariakoo. Boksi ni la chuma la swichi ya ukutani, lile mafundi umeme wanalozamisha kwenye tofali, na bati la juu tukatobolewa karakana. Jumla haikufika elfu kumi na tano. Kosa langu la kwanza nilitumia waya wa kawaida wa spika. Ukiunga upande wa mwangwi, mvumo kama nyuki. Kumbe upande ule sauti yenyewe inafika mpaka mguuni, kwa hiyo unahitaji waya wenye wavu wa kukinga. Nikarudia kulehemu, nikaunga wavu na lile boksi, kimya.

Ukitaka kununua cha dukani, jihadhari. Tangu Maestro Fuzz-Tone ya 1962, sakafuni kuna visanduku vya aina nyingine kabisa, vyenye transista na betri zao, vinavyobadili sauti vyenyewe. Kwa macho vinafanana na hivi vyetu vitupu, lakini haviwezi kushika nafasi yake. Na ampu za baadaye, zile za kuhama kwa mguu kutoka sauti safi kwenda ya kukwaruza, kama Boogie za Randall Smith za mwisho wa miaka ya 1970, kila kampuni ina mpango wake wa waya. Nyingine zinataka swichi ya kubonya na kuachia, hiyo ya kubaki itakuchanganya.

Kilichonisumbua ni kiboksi chetu kilipotelea wapi. Nadhani jibu liko kwenye historia ya bendi zetu. NUTA Jazz ya 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, wanamuziki ni waajiriwa. Bendi nyingi zilikuwa hivyo, vyombo ni vya taasisi au mwenye baa, wapigaji wanahama, ampu inabaki. Anayebaki nayo siye aliyeikanyaga. Kitu kisicho na kitu ndani, chenye waya tu, nani atakumbuka ni cha ampu ipi?

Jana nikaenda kwa fundi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Umeleta hela?"

Nikamweleza yote, na kiboksi nikamwekea mezani. Akakigeuza, akakifungua kwa bisibisi, akatazama ndani muda mrefu.

"Sasa binti, hiki mlikileta kwangu?"

"Hatukuwa nacho."

"Basi mimi ningepimaje? Na valvu niliyoweka ni mpya."

Sikuwa na jibu. Kwamba alisema valvu imekufa bila kuhakikisha, ni kweli. Kwamba tulimpelekea nusu ya mashine, nayo ni kweli. Kasema hadai tena, lakini harudishi. Nimeweka elfu ishirini ya boom langu kwenye bahasha ya kikundi. Arobaini bado. Kikao ni Jumanne saa kumi, wale wawili waliokataa wameshathibitisha watakuja, na daftari ninalo mimi.