Sauti Tuliyoiamini

Ukitoka Itigi, kwenye Reli ya Kati, ukashika barabara ya kusini iendayo Rungwa, utapita vichaka na misitu yenye mizinga ya nyuki hadi ufike Mitundu. Katika miaka ya 1970 na 1980, gazeti lilifika huku limekwisha chakaa, kama lilifika. Redio ndiyo iliyotuunganisha na nchi. Betri zilipoisha nguvu zilianikwa juani, ili jioni zipate japo kutupa taarifa ya habari.

Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini tulimwamini mtu tusiyemjua, aliyekaa mbali, Dar es Salaam? Redio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilikuwa sauti ya serikali, na kila mtu alilijua hilo. Tena hatukukosa pa kupimia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwepo tangu 1957, na ya Deutsche Welle tangu 1963. Wazee walisikiliza zote, wakalinganisha.

Jibu langu ni matangazo ya vifo. Habari za mkutano wa marais hatukuwa na njia ya kuzihakikisha. Lakini liliposomwa tangazo kwamba fulani wa Mitundu anaarifiwa kifo cha ndugu yake huko Tabora, mwarifiwa alifunga safari hadi Itigi, akapanda treni, akakuta matanga. Aliporudi, alirudi akiwa shahidi wa redio.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Redio ilisema, na shimo likaonekana uani.

Hiyo ilikuwa akiba, nayo ilitumika siku zilipokuwa nzito. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin. Tarehe 12 Aprili 1984 alitangaza mwenyewe kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Tarehe 14 Oktoba 1999 ikawa zamu ya Rais Mkapa kutangaza kifo cha Mwalimu. Kwetu hakuna aliyekwenda kwa jirani kuuliza kama ni kweli. Tulilia.

Lakini akiba huisha. Wakati wa uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu aliyeshinda kwenye foleni ya sukari hakuhitaji kuambiwa hali ya duka. Sauti yoyote iliyopita kimya juu ya foleni ile ilijipunguzia akiba, hata kama haikusema uongo. Jioni hiyo mkono ulizungusha kitufe kuitafuta London.

Redio Tanzania sasa ni TBC Taifa, na Mitundu ina simu za mkononi. Mara ngapi simu hizo zimemuua mtu aliye hai, na aliyeeneza habari asirudi hata kuomba radhi? Kila anayetaka kuwasemesha watu wengi leo huanzia pale redio ilipoanzia: kwa jambo dogo ambalo msikilizaji anaweza kwenda mwenyewe kulitazama. Akilikuta sivyo, hata siku utakaposema kweli kubwa, atakwenda kwanza kuuliza kwa jirani.