Mlima Kenya na shule ya marubani wa kivita

Ndege iliyonguruma zaidi juu ya misitu ya Embu na Meru wakati wa Hali ya Hatari haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa Harvard, ndege ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa darasa la wanafunzi wa urubani wa Uingereza na makoloni yake. Mwaka 1953, vita vya Mau Mau vilipopamba moto, Jeshi la Wanahewa la Uingereza lilichukua Harvard kutoka shule zake za urubani kule Rhodesia ya Kusini, likazifunga bunduki ya rashasha na mabomu madogo ya kilo 9 hivi kila moja, likaziita Kikosi 1340 na kuzileta Kenya. Wapiganaji walioko msituni wakapata adui mpya angani.

Historia ya mafunzo ya marubani wa kivita huandikwa na walioketi ndani ya ndege. Wakazi wa mashariki ya Mlima Kenya wao wameiona kutoka chini, wakiwa katika mashamba ya kahawa, majani chai na miraa. Kwa kuwa majeshi mengi duniani sasa yanafupisha mafunzo hayo na kuweka miwani ya uhalisia pepe mahali pa saa za kuruka, ni vyema historia hiyo isimuliwe pia na upande wa chini.

Harvard ilijulikana kwa sauti kabla haijaonekana. Ncha za pangaboi lake huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya sauti yenyewe, na ndipo unapotoka ule mlio mkali unaosikika kutoka bonde hadi bonde. Upole wake, uliokusudiwa kumsaidia mwanafunzi, ndio ulioifaa kazi mpya: iliweza kushuka polepole kwenye makorongo na kufuata kingo za msitu, mahali ambapo ndege ya kasi ingejigonga. Ndege ndogo za polisi zilitangulia kutafuta moshi na vijia, Harvard zikafuata. Baadaye mwaka huohuo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizoangusha mabomu mazito kutoka juu. Sehemu kubwa ya mabomu hayo ilimezwa na mianzi na udongo laini, na wapiganaji wakajifunza mapema kuzima moto alfajiri na kutembea chini ya kivuli cha miti.

Chini ya ndege hizo walikuwa watu. Msitu ulitangazwa kuwa eneo marufuku. Aliyeonekana ndani aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Raia wa Embu na Meru walihamishiwa vijiji vya lazima na kushurutishwa kuchimba mtaro mrefu kandokando ya msitu ili chakula kisiwafikie viongozi wa Mau Mau msituni, kina Musa Mwariama, Baimungi na Kubukubu. Ndege nyingine zilipita na vipaza sauti zikiwataka wapiganaji wajisalimishe. Mwariama hakujisalimisha. Alitoka msituni baada ya uhuru, mwishoni mwa 1963, wakati Harvard na Lincoln zilikuwa zimeondoka Kenya kwa miaka mingi.

Mlima huu ulikuwa umewaona marubani wanafunzi hata kabla ya hapo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Nanyuki, si mbali na Timau ya Meru, palikuwa na kikosi cha mafunzo cha Waingereza kilichotumia ndege aina ya Blenheim. Vijana waliletwa hapo kumalizia masomo kabla ya kupelekwa vitani, na wengine hawakufika huko, kwani mazoezi yenyewe yaliua. Makaburi ya vita ya Nanyuki yapo hadi leo. Kufupisha mafunzo, basi, si jambo la karne hii. Kiangazi cha 1940, Uingereza iliposhambuliwa kutoka angani, kozi ya mwisho ya rubani wa kivita ilikatwa hadi majuma 4 na kisha 2, na vijana wakaingia vitani wakiwa na saa chache tu katika ndege waliyotakiwa kupigania. Nchi ilinusurika, lakini wengi wao walikufa katika mapigano yao ya kwanza. Kila afisa anayependekeza kozi fupi anapaswa kuanza na kumbukumbu hiyo.

Hata mashine za kuigiza urukaji si ngeni. Mmarekani Edwin Link aliunda yake ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1920, sanduku dogo lenye mabawa mafupi lililoyumba kwa nguvu ya hewa, na maelfu ya marubani wa vita vile walijifunza ndani yake kuruka gizani wakiangalia saa na mishale peke yake.

Kenya huru iliunda Jeshi lake la Wanahewa tarehe 1 Juni 1964, kwa msaada wa Waingereza, makao yakiwa Eastleigh. Vijana wa kwanza walianza na Chipmunk, ndege nyepesi ya viti viwili, wakakomaa katika ndege za mizigo. Kwa karibu miaka kumi kamanda alikuwa Mwingereza. Mwaka 1973 Dedan Gichuru akawa Mkenya wa kwanza kushika uongozi huo. Ngazi ya mafunzo nayo ilikuwa ikijengwa. Chipmunk ilipokewa na Bulldog, ambamo mkufunzi na mwanafunzi huketi bega kwa bega. Juu yake kulikuwa na Strikemaster, jeti ya mafunzo inayoweza kubeba silaha, kisha Hunter, na kuanzia 1978 ikaja F-5 kutoka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaongezeka Hawk 12. Kambi ya Nanyuki, ile ambayo leo inaitwa Laikipia, ikawa nyumba ya ndege za kasi, na watu wa Timau na Buuri wakazoea ngurumo zake.

Ngazi hiyo ilipimwa asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, kwa namna ambayo hakuna mtaala ulioitarajia.

Wanahewa waliojaribu kuipindua serikali waliteka kambi ya Nanyuki. Marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza, walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa na ndege zenye mabomu, F-5 na Strikemaster, ili wapige Ikulu na makao ya kikosi cha GSU jijini Nairobi. Koplo Bramwel Njereman aliketi ndani ya ndege mojawapo kuhakikisha amri inatekelezwa. Marubani walipaa, kwa sababu kukataa chini kungekuwa kufa. Huko juu, uwezo ulirudi mikononi mwao. Koplo hakuwa rubani; ndege ilipopinduliwa na kugeuzwa kwa nguvu, mwili wake haukustahimili wala hakujua walipo. Mabomu yaliyokusudiwa jiji lenye mamia ya maelfu ya watu yakaangushwa katika msitu wa Mlima Kenya. Njereman baadaye alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa.

Fikiria uamuzi huo ulivyofanyika: dakika chache, silaha nyuma ya kisogo, Nairobi mbele kwa umbali ambao jeti huumaliza upesi. Mutua na wenzake walihitaji kuifahamu ndege kiasi kwamba mikono iongoze yenyewe huku akili ikipima lililo kubwa zaidi, yaani nani atakufa na nani ataishi. Ustadi wa aina hiyo hupatikana kwa saa nyingi za hewani. Mabomu yaliangukia msitu uleule ambao Harvard na Lincoln ziliupiga karibu miaka 30 nyuma, ila mara hii yaliangushwa huko ili yasimuue mtu. Katika historia yote ya urubani wa kivita wa nchi hii, sijui tendo lililo kubwa kuliko hilo, na linastahili mnara wake.

Serikali ililivunja Jeshi la Wanahewa mwezi huohuo. Likaundwa jingine lililoitwa '82 Air Force, chini ya Mahmoud Mohamed, na jina la zamani halikurudishwa hadi 1994. Mafunzo yalijengwa upya taratibu. Tucano 12 zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndege ya pangaboi yenye gharama ndogo lakini inayoendeshwa kama jeti, na katika miaka ya karibuni Grob kutoka Ujerumani imechukua nafasi ya Bulldog. Wengine walipelekwa ng'ambo: Francis Ogolla, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi, alisomea urubani wa ndege za kivita kwa Wamarekani.

Na ni Wamarekani walioanzisha jaribio linalozungumzwa sana leo. Februari 2018, mjini Austin, Texas, waliwakusanya wanafunzi 20, wakampa kila mmoja mtambo wa kuigiza wenye miwani ya uhalisia pepe, hata wa kutumia bwenini usiku, na programu ya kompyuta iliyofuatilia kila kosa. Agosti mwaka huo 13 kati yao walihitimu, baada ya nusu mwaka hivi badala ya mwaka mzima. Ndege waliyoirusha inaitwa T-6 Texan II. Texan ya kwanza, kwa Waingereza, ndiyo ile Harvard ya 1953.

Upande wa pili wapo Waingereza wenyewe. Mwaka 2019 wakaguzi wa serikali yao walikuta kwamba rubani wa jeti alichukua zaidi ya miaka 7 kufuzu, ilhali mpango ulitaka iwe chini ya 4. Muda mwingi ulipotea katika kungoja: kungoja ndege itengenezwe, kungoja nafasi ya kozi inayofuata. Kijana anayekaa mwaka mzima bila kuruka hupoteza hata kile alichokuwa amejifunza.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kungoja kukatwe bila huruma. Kukariri orodha za ukaguzi, kuzoea swichi, kurudia hatua za injini kuzimika, yote hayo mtambo wa kuigiza unayafundisha vizuri na kwa bei nafuu, na mwanafunzi anaweza kufa mara 100 darasani akaamka na kurudia. Nchi isiyo na fedha nyingi za mafuta ina sababu zaidi ya kununua mitambo hiyo. Saa za hewani kando ya mlima huu zisiguswe.

Uwanja wa Laikipia uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hutoa nguvu pungufu, ndege huhitaji barabara ndefu zaidi kupaa. Upande wa Chogoria na Runyenjes upepo wa kusini-mashariki hupanda na unyevu, na kabla ya adhuhuri kilele cha mita 5,199 huwa kimekwisha funikwa. Julai 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Samburu iligonga mlima huo karibu na kilele cha Lenana, na wote 14 waliokuwemo wakafa. Mtambo unaweza kuchora wingu. Hauwezi kumpa mwanafunzi ule mshtuko wa ndege kushushwa ghafla na upepo unaoshuka mteremkoni, wala hofu inayomfundisha kugeuka mapema.

Ombi langu kwa Wizara ya Ulinzi, wakati mitambo mipya inanunuliwa na mitaala inafupishwa, ni hili: kila kadeti anayepaa kutoka Laikipia afundishwe kwanza habari za msitu ulio chini yake. Aoneshwe mtaro uliochimbwa na kina mama wa Embu na Meru, aelezwe kazi ya Kikosi 1340, kisha asome hatua kwa hatua walichofanya Mutua, Mugwanja na Baraza. Somo hilo halihitaji zaidi ya siku moja, na wazee wa kulifundisha bado wapo Manyatta, Runyenjes na Tigania. Waalikwe sasa, wakiwa hai.