Korongo na Mkuki

Mvua za kwanza zinyeshapo Dodoma, aghalabu mwezi wa Desemba, twaweza kuwaona korongo weupe wakitua mashambani kula panzi na viwavi. Hutoka Ulaya wakifuata bonde la mto Nile. Bahari pana huiepuka, kwani hupaa kwa msaada wa hewa ya joto ipandayo kutoka nchi kavu. Wataalamu wa huko walibishana karne nyingi juu ya waendako ndege wao wakati wa baridi. Wengine walidai kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya maziwa! Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyechomwa mkuki wa Kiafrika shingoni, na mabishano yakaanza kwisha. Wakulima wetu walikuwa wakiwaona miaka yote hiyo, ila hawakuulizwa. Korongo yule angali amehifadhiwa Rostock pamoja na mkuki; jina la mwenye mkuki halikuhifadhiwa.