Ekari Arobaini na Karatasi ya Mkataba: Maana Mbili za Usawa Marekani Baada ya 1865

Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilichapisha mfululizo wa makala uliodai kwamba chimbuko la Marekani litafutwe mwaka 1619, Waafrika waliotekwa walipofikishwa Virginia kuuzwa. Wapinzani wakakimbilia 1776, mwaka wa Azimio la Uhuru, na Rais Trump akaunda tume iliyobeba mwaka huo katika jina lake. Ripoti ya tume hiyo ilitoka Januari 2021. Kelele zimekuwa nyingi tangu hapo, lakini ukizipembua unagundua kwamba mahasimu hawa wanakula sahani moja. Wote wanachukulia kwamba usawa ni kitu kimoja, kinachojulikana, ambacho Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio hilo, ama alikiahidi kwa dhati ama alikitamka kinafiki. Kwa upande mmoja historia ni ahadi inayotimizwa polepole. Kwa upande wa pili ni ahadi iliyokuwa hewa tangu mwanzo. Makala hii inapinga msingi huo wa pamoja. Marekani haikuwa na usawa mmoja uliocheleweshwa. Ilikuwa na walau maana mbili za usawa zilizogombana waziwazi, na katika miezi michache ya mwaka 1865 moja iliifukuza nyingine uwanjani. Iliyoshinda haikuwa ubaguzi mtupu uliojificha nyuma ya neno zuri. Ilikuwa usawa kweli, wa aina yake, na tofauti kubwa za mali zilizofuata zilipitia mlango wake.

Kuhusu matukio yenyewe wanahistoria hawana ugomvi mkubwa tangu W. E. B. Du Bois alipochapisha Black Reconstruction mwaka 1935 na Eric Foner alipoipanua kazi hiyo mwaka 1988. Ugomvi uko kwenye tafsiri. Gunnar Myrdal, Mswidi aliyeandika An American Dilemma mwaka 1944, aliwafundisha wasomi wa vizazi viwili kuuona ubaguzi kama mgongano kati ya imani na matendo: Mmarekani anaamini usawa, kisha anatenda kinyume, na dhamiri inamsuta. Tafsiri hii ina mvuto kwa sababu inampa kila mtu matumaini, na udhaifu wake uko hapohapo. Inaligeuza suala la nani anamiliki nini kuwa suala la nafsi. Edmund Morgan alikaribia zaidi ukweli mwaka 1975 alipoonyesha kwamba Virginia usawa wa Wazungu wao kwa wao ulikua sambamba na utumwa wa Waafrika, kimoja kikikilisha kingine. Lakini Morgan anaishia kwenye enzi ya utumwa. Swali la nini kilitokea utumwa ulipofutwa, na watumwa wenyewe walipoulizwa wanataka nini, linabaki.

Waliulizwa kweli. Tarehe 12 Januari 1865, wiki tatu baada ya jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali William Sherman kuuteka mji wa Savannah, Georgia, viongozi 20 wa dini, wote weusi, waliketi mbele ya Sherman na Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mchungaji wa Kibaptisti mwenye umri wa miaka 67, ambaye mwaka 1857 alijikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Huyu alijua bei ya uhuru kwa hesabu, si kwa mafumbo. Alipotakiwa aeleze utumwa ni nini, alijibu kwamba ni kuchukua kwa nguvu kazi ya mtu mwingine bila ridhaa yake. Alipoulizwa watu wake watajitegemea vipi, alitaja ardhi: waikalie, wailime wenyewe, mpaka waweze kuinunua. Majibu hayo mawili yasomwe kwa pamoja. Ikiwa utumwa ni kunyang'anywa jasho, kinyume chake si kulipwa ujira. Kinyume chake ni kuwa na mahali ambapo jasho lako likidondoka linakuwa lako. Siku nne baadaye Sherman alitoa Amri Maalumu Namba 15, iliyowatengea watu hao visiwa kuanzia Charleston kwenda kusini, mashamba ya mpunga yaliyotelekezwa kandokando ya mito hadi maili 30 kutoka baharini, na nchi inayopakana na mto St. Johns huko Florida, kila familia ikipata si zaidi ya ekari 40. Sherman mwenyewe hakuwa mpenzi wa usawa. Alitaka kupunguza msururu wa watu uliokuwa ukiliandama jeshi lake, na hati alizotoa zilikuwa za kukalia tu. Hata hivyo, kufikia katikati ya mwaka watu wapatao 40,000 walikuwa wakilima takribani ekari 400,000.

Rais Lincoln aliuawa Aprili. Tarehe 29 Mei mrithi wake, Andrew Johnson, alitangaza msamaha kwa wengi wa waasi wa Kusini pamoja na kurudishiwa mali zao, isipokuwa watumwa. Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara ya serikali iliyowahudumia watu walioachwa huru, alijaribu Julai kuishikilia ardhi; Septemba Johnson akamlazimisha kuilegeza; Oktoba akatumwa kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, akawaeleze wakulima kwamba mashamba yanarudi kwa mabwana wa zamani. Kanisa alimokutana nao lilifurika. Howard aliwaomba wawasamehe wenye ardhi na wakubali kuwafanyia kazi kwa mkataba. Jibu lilikuja kwa barua ya kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, na barua hiyo inastahili kusomwa kama risala ya falsafa ya siasa, ingawa madarasa yetu bado yanampa nafasi hiyo Jefferson peke yake. Howard alikuwa amepoteza mkono wa kulia vitani. Waandishi wanamkumbusha kwamba yeye amepoteza mkono tu, pengine anaweza kusamehe. Lakini mtu aliyemfunga mwenzake kwenye mti na kumchapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yake na dada yake na kuwachapa pia, na ambaye leo hamruhusu kukaa hata kwenye kibanda kitupu mpaka akubali kumlimia kwa masharti yake, huyo atasamehewaje? Kisha inakuja hesabu baridi: wakiondolewa kwenye ardhi, wana mambo matatu tu ya kuchagua. Waingie barabarani, waingie baharini, au wabaki palepale wakifanya kazi kama zamani chini ya matakwa yaleyale.

Uzito wa barua hii hauko kwenye viboko, japo viboko ndivyo vinavyobaki akilini. Uko kwenye kile kibanda kitupu. Waandishi wanaona kwamba mwenye ardhi hahitaji tena mjeledi. Inamtosha kuwa na mlango wa kufunga. Mkataba aliouleta Howard ulikuwa sawa kwa pande zote mbili, maana kila upande uko huru kutia sahihi au kukataa. Wao wanauliza: kukataa na kwenda wapi? Kwa maana yao, usawa ni uwezo wa kusema hapana na bado ukala jioni. Kwa maana ya Howard, ambaye hakuwa mtu mbaya, usawa ni kusimama mbele ya karatasi moja ukiwa na haki ileile ya kushika kalamu. Mwanzoni mwa 1866, waliokataa kutia sahihi visiwani walifuatwa na wanajeshi: sahihi au njia.

Jinsi maana hii ya pili ilivyotumika inaonekana vizuri Mississippi, ambako mwishoni mwa 1865 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoitwa, bila soni, sheria ya kuwapa watu walioachwa huru haki za kiraia. Iliwapa haki ya kushitaki na kushitakiwa na ya kumiliki mali, kisha ikawakataza kukodi ardhi nje ya miji, ikawataka wawe na ushahidi wa maandishi wa makazi au kazi ifikapo Januari, na ikaamuru kwamba anayeacha kazi kabla mkataba haujaisha bila sababu ya msingi apoteze ujira wake wote wa mwaka huo. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ataitambua sura hii. Amri ya Zanzibar ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilimtaka pia aliyepata uhuru aonyeshe makazi na riziki, la sivyo atangazwe mzururaji. Kongresi ilizifuta sheria za Mississippi na nyingine za namna hiyo kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866, ambayo haki ya kwanza inayoitaja ni haki ya kufunga mkataba. Haikumgawia mtu ardhi. Mbunge Thaddeus Stevens wa Pennsylvania alikuwa amependekeza mashamba ya mabwana wakubwa yatwaliwe na kila mwanamume aliyeachwa huru apewe ekari 40, lakini wenzake hawakumsikiliza. Mavuno ya uamuzi huo Du Bois aliyakuta Dougherty, Georgia, mwaka 1898: kati ya familia 300 za wapangaji, 175 zilimaliza mwaka zikidaiwa, na 50 hazikubakiwa na kitu. Kila moja ilikuwa na mkataba.

Mahakama Kuu ilikamilisha kazi. Jaji John Marshall Harlan anakumbukwa kwa kupinga peke yake hukumu ya Plessy ya mwaka 1896, iliyohalalisha kuwatenga watu kwa rangi. Harlan huyohuyo aliandika hukumu ya Adair mwaka 1908, akisema mwajiri na mfanyakazi wana haki sawa ya kuachana, na sheria inayomlinda mwanachama wa chama cha wafanyakazi asifukuzwe inauvuruga usawa huo. Katika kesi ya Coppage, 1915, Mahakama ilikiri kinagaubaga kwamba huwezi kuulinda uhuru wa mkataba na mali binafsi bila kukubali kuwa halali tofauti za utajiri zinazotokana navyo. Myrdal angeona hapa dhamiri inayosuta. Mimi naona dhamiri iliyotulia kabisa.

Itasemwa kwamba usawa wa kisheria ndio uliozaa hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi, na bila Marekebisho ya 14 ya Katiba hata malalamiko yasingekuwa na pa kupelekwa. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini Brown iliondoa mgawanyo ambao sheria yenyewe iliuandika. Ilipofika zamu ya mgawanyo ulioandikwa na thamani ya ardhi, katika kesi ya Rodriguez mwaka 1973, majaji watano dhidi ya wanne waliona hakuna kosa la kikatiba. Shule za Edgewood, San Antonio, zilikuwa zikitumia dola 356 kwa mwanafunzi na za Alamo Heights, katika eneo lilelile la mji, dola 594, kwa kiasi kikubwa kwa sababu shule hulipiwa kwa kodi ya nyumba na viwanja. Itasemwa pia kwamba ardhi peke yake isingetosha: kufikia 1910 wakulima weusi walimiliki takribani ekari milioni 15, na vizazi vilivyofuata vilizipoteza nyingi kwa madeni, hila na vitisho. Hilo nalikubali, ingawa linaonyesha zaidi kwamba ardhi ilihitaji kura na bunduki za kuilinda kuliko kwamba haikuhitajika.

Pingamizi zito linatoka kwingine. Mwaka 1887 Sheria ya Dawes iliwagawia Wenyeji wa Marekani vipande vya ardhi, kila familia chake, kwa jina la kuwafanya raia sawa na wengine. Ardhi yao ikashuka kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 kufikia 1934. Kumbe hata ekari huweza kugawanywa ili zipokonywe, pale kipande kinapokuwa bidhaa sokoni na si kinga dhidi ya soko. Naamini walichodai watu wa Edisto kilikuwa kinga, lakini sina namna ya kuthibitisha kwamba kingebaki hivyo mikononi mwa wajukuu wao. Kisiwa chenyewe kinaitwa kwa jina la Waedisto, waliokuwapo kabla ya pamba na kabla ya mabwana. Katika barua ya Bram, Moultrie na Sampson hawatajwi.