Nyumba ya Kiambethu na Neno "Githaka"

Mwaka 1910, A. B. McDonell alinunua ardhi huko Limuru, Kenya. Akawa miongoni mwa wakulima wa mwanzo wa chai ya biashara nchini humo. Uzao wake ungali ukiishi katika nyumba ya Kiambethu, na wageni hukaribishwa humo kwa chai na historia ya ukoo. Hata hivyo, kitenzi "kununua" hakielezi yote. Katika eneo hilo la Tigoni, Wagikuyu waliita ardhi ya mbari "githaka". Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1932 ilipendekeza wahamishiwe Lari, na mgogoro wa uhamisho huo ulichangia mauaji yaliyotokea huko Machi 1953. Kwa hiyo, historia ya nyumba hiyo haikamiliki pasipo neno "githaka".