Masoko huru ya wakulima (Kuba)

Masoko huru ya wakulima nchini Kuba ni masoko ya vyakula ambamo wakulima wadogo na vyama vya ushirika huuza, kwa bei ya mapatano, mazao yanayobaki baada ya kutimiza kiwango wanachotakiwa kuiuzia serikali. Yaliruhusiwa mwaka 1980, sambamba na mgawo wa chakula kwa daftari ulioanza 1962. Kiongozi wa nchi, Fidel Castro, aliyafunga Mei 1986 akiwalaumu walanguzi, ambao mkulima asiye na lori hakuwa na budi kuwategemea.

Kuvunjika kwa Muungano wa Kisovyeti mwaka 1991 kuliinyima Kuba mafuta, mbolea na soko la sukari, na mgawo haukufikisha mwisho wa mwezi. Kufuatia maandamano ya Havana ya Agosti 1994, masoko yalifunguliwa tena tarehe 1 Oktoba, safari hii yakishirikisha hata mashamba ya serikali na ya jeshi. Wauzaji walitozwa kodi. Mihogo, ndizi, maharage, vitunguu saumu na nyama ya nguruwe viliuzwa waziwazi; nyama ya ng'ombe, maziwa, kahawa na tumbaku vilibaki mikononi mwa dola. Bei zilikuwa nafuu kuliko za magendo, ingawa bado zilimwelemea mwenye mshahara wa serikali.